Wembe wa Babu Umepona, Kidevu cha Mzee Hakijapona

Mshauri wetu, shikamoo, naomba unisaidie, ila kabla ya shida acha nikwambie nina binti fundi samani, mlango akiutengeneza yeye husikii ukifungwa, na wanasema chema chajiuza, lakini mimi changu nakitembeza hivyo hivyo. Basi baba yake ana wembe wa kukunja alioachiwa na marehemu baba yake, mpini wake mabamba mawili ya pembe, wembe unalala katikati, naye kwa kusahau akauacha kwenye kikombe cha maji, pembe ikavimba ikapasuka, mzee wa watu akauinamia kama kafiwa mara ya pili. Binti akauchukua bila kuombwa, akapachika kipande cha pembe, gundi, msasa, akaung'arisha, ukipitisha ukucha hujui wapi kipya wapi cha babu. Mzee machozi yalimtoka, nami nikazunguka nao mtaa mzima.

Sasa kumbe kile kiraka kwa ndani kimekaa kinene, wembe ukifungwa unaegemea upande, makali yanakwaruza pembe, yameota meno, na mzee anajikata kila akinyoa. Nikimwambia ananijibu, "Mama watoto, wembe mtamu huu, ngozi yangu ndiyo imezeeka." Binti akimuuliza, "Baba, unanyoa vizuri?" anasema, "Kama siagi, mama," na huku kabandika karatasi kidevuni! Tena kwa sifa zangu majirani wawili wameshamletea nyembe za wazee wao azitengeneze vilevile. Nikisema nitamvunja moyo, nikinyamaza ataharibu vya watu. Nifanyeje?

Mama Fundi

*

Mama Fundi, marahaba, na hongera kwa binti. Sasa nisikilize.

Wembe huo usiguse tena uso wa mzee. Anayevuja damu ili kumfurahisha mwanawe ataishia na kidonda, na hapo hakuna atakayefurahi. Unaogopa kumvunja binti moyo? Je, akija kuambiwa na jirani aliyemkabidhi wembe wa mzee wake, kisha akajua nyumbani mlijua mkamchekea?

Kazi ngumu ameshaiweza. Iliyobaki ni ndogo: ang'oe ribiti, ule msumari unaoshika wembe na mpini, apunguze kiraka kwa ndani kwa msasa, arudishe wembe na pete nyembamba ya bati kila upande, kisha agonge ribiti taratibu, anafunga anafungua, mpaka makali yalale katikati bila kugusa popote. Ndipo unolewe. Vya majirani visubiri, na mwambie mzee pembe na maji haviivi chungu kimoja.

Ila binti usimwambie wewe. Nakujua, utaanza na sifa ufike kesho. Aseme mzee mwenyewe. Amkalishe binti yake, aufunge wembe mbele yake ili asikie unavyokwaruza, amwambie, "Mama, umenirudishia mkono wa baba yangu. Bado hapa tu, nisaidie."

Fundi akiambiwa hivyo na baba yake, atashika msasa chai ikiwa bado ya moto.