Barua Niliyokuandikia Inakwenda Barazani

Dada yangu Bhoke,

Wewe uliyenibeba mgongoni, leo nakuandikia nikijua hakuna wa kukusomea. Pengine ni afadhali. Barua yangu ya zamani ilisomwa na mtu ambaye hakustahili kuishika.

Tangu tukuzike pale Nyansurura, Gati, uliyemwachia nyumba yako, amelima peke yake na mahindi yamekomaa. Lakini shemeji yako Marwa, mdogo wa marehemu mume wako, amepigilia vigingi vya mpaka katikati ya shamba. Anasema mji ule ni wa ukoo wake, na Gati si mke wa mtu. "Mwanamke haoi mwanamke," anawaambia watu. Juzi Robi, binti wa Gati, alinipigia simu hapa Musoma. "Shikamoo babu. Wanataka kututoa. Na wanasema wewe ndiye shahidi wao."

Mimi.

Mumeo alipofariki bila kukuachia mtoto, ulifanya kama wajane wa kwetu walivyofanya tangu zamani. Ulitoa ng'ombe ukamwoa Gati, ndoa tunayoiita nyumba ntobhu, ili azae watoto wa nyumba yako, wakuite bibi. Mimi nilikuwa Musoma miaka mingi tayari, tangu mapigano ya koo yalipotufukuza Tarime. Nilikuwa nafundisha, nasoma, na vitabu vilikuwa vimenipanda kichwani. Nikakuandikia kurasa nne: kwamba umetuaibisha, kwamba ndoa ni ya mume na mke, kwamba jamii isiyolinda ndoa itaporomoka. Nikajiita mhafidhina. Hukujua kusoma, ukampa Marwa akusomee. Akasoma, akabaki nayo. Miaka yote hii ameitunza, na sasa anaipeleka barazani iwe ushahidi wake.

Ulipokuja Musoma kutibiwa macho ulisema tu, "Nimesomewa barua yako. Maneno mengi, na hukuuliza hali ya mtoto." Robi alikuwa mchanga, ana homa. Halafu ukaitazama rafu yangu. "Na haya mabuku, yanakamuliwa?" Nilicheka. Sikuomba radhi.

Ungenitania, lakini acha nikueleze nilichosoma. Wahafidhina si watu wa aina moja. Niliyempenda zaidi alikuwa mbunge mmoja wa kale huko Ulaya, aliyeona majirani zake wakibomoa kila kitu kwa pupa, akaogopa. Aliamini kwamba desturi iliyodumu imebeba akili ya watu wengi, hata kama sisi hatuioni, na penye ubovu parekebishwe taratibu. Wapo wengine, wakali, waliotaka watu watii tu, mfalme na madhabahu, basi. Wapo na wa karibuni ambao kwao kitu cha kulindwa ni mali ya mtu na soko lake, serikali ikae mbali. Marwa hajamsoma hata mmoja, lakini huwatumia wote. Asubuhi anaongea kama wa madhabahu, jioni kama wa soko, maana nasikia shamba limeshapata mnunuzi.

Na mimi? Nilijifunza kwa yule mbunge kuheshimu desturi, kisha nikatetea desturi za kwao nikizitukana za kwetu. Mhafidhina kati yetu ulikuwa wewe. Wala hukulinda kila cha zamani. Ngariba alipomjia Robi, ulisimama mlangoni na mpini wa jembe mpaka akageuka. Ulijua cha kutunza na cha kuacha. Mimi nilijua kurasa tu.

Kuna jambo sikuliandika katika zile kurasa nne. Kwetu kaka huoa kwa ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya dada yake. Ulipoolewa, ng'ombe wako walilala zizini kwa baba siku chache, kisha wakaswagwa kwenda kwa wakwe zangu. Ng'ombe wako ndio walioniolea mke. Bila ndoa yako, yangu isingekuwapo, wala wanangu. Nami nikathubutu kukufundisha ndoa ni nini. Dada, nikathubutu.

Baraza la kata linakaa Alhamisi. Nitapanda basi la asubuhi mpaka Mugumu, magoti yaume yanavyotaka. Barua ikitolewa, nitaiacha isomwe yote, hadi sahihi. Kisha nitasimama niseme huu ni mwandiko wangu, nilikosea, na nitawaambia ng'ombe wa nani walinipa mke. Sijui kama watanisikia. Watasema mzee amechoka akili, amekaa mjini mno. Kijana yule msomi niliyekuwa mimi bado yuko kwenye karatasi, na ana sauti kubwa kuliko yangu. Naogopa atanishinda, na Gati alale nje kwa ajili yake.

Lakini kabla ya baraza nitapita nyumbani kwako. Nakuahidi sitaanza na maneno mengi. Nitabisha hodi, nitamwuliza Gati hali ya watoto, mmoja mmoja kwa jina lake, na nitangoja hadi anijibu.

Pumzika, Bhoke.

Mdogo wako,
Chacha