Gari Linalofunguka Juu

Jumatatu, 3 Machi

Wamepiga simu. Limefika!

Nilikuwa na seti ya meno ya bandia ya juu mkononi, nta bado laini, simu ikalia. Dada wa mauzo, yule mwenye sauti ya mtangazaji. Gari langu limeshushwa, limekaguliwa, limeoshwa, niende Ijumaa saa nne nikakabidhiwe. Nikasema ahsante, nikakata. Kuangalia chini, nimelididimiza jino la mbele mpaka limezama kwenye nta. Nimeanza upya.

Daktari alitoka chumba cha wagonjwa na glavu zake, akauliza kulikoni. Nikamwambia. Akanitazama kama anayetazama eksirei asiyoielewa. "Wewe? Gari?" Ndiyo, mimi. Mimi ninayekuja kazini kwa miguu mwaka wa nne sasa, dakika hamsini kuja, hamsini kurudi. Jua, mvua, yote yangu.

Habari ya siku ile, miaka minne iliyopita, nitaiandika mara moja tu, kwa sababu sijawahi kuiandika. Niliegesha kando ya ukuta wa jengo lililokuwa likijengwa. Mimi ndiye niliyechagua pale—palikuwa na kivuli. Mdogo wangu alikuwa kiti cha pembeni, anatafuta kitu kwenye mkoba. Ukuta ukaanguka. Tulikaa chini ya matofali yale kwa muda wa saa tisa, bati la paa la gari limenigusa paji la uso. Mimi nilitolewa. Yeye alitolewa baada yangu, na hakukuwa tena na haja ya haraka.

Basi. Imetosha.

Tangu hapo nikiingia garini, mlango ukifungwa tu, kifua kinakataa. Kichwa kinaelewa kila kitu. Kifua ndicho hakiambiliki.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, maneno anayatoa kwa kupima. Nilipoagiza gari hili alisema jambo moja tu: "Unajua lakini kwamba paa ndilo lililokuokoa." Najua. Wazima moto walinionyesha jinsi chuma kilivyojikunja upande wangu na kuniachia nafasi ya kichwa. Upande wa mdogo wangu hakikujikunja vile. Najua sana.

Hajarudia tena. Leo jioni nimemkuta anapiga pasi shati la kuvaa Ijumaa. Jeupe. Kama anakwenda kuposa!

Alhamisi, 6 Machi

Sijamwambia Mama. Nimeinua simu mara tatu, mara tatu nimeirudisha mezani.

Nilifikiria kuahirisha. Gari jipya, la kifahari, rangi ya kupiga kelele—litaegeshwa mlangoni kwa nani? Kwa mwanamke aliyemzika mdogo wake. Watu watasema. Acha waseme. Lakini Mama si watu.

Ijumaa, 7 Machi

Ninalo! Ninalo, ninalo!

Niandike kwa utaratibu. Tulikwenda kwa miguu, mimi na mume wangu, saa nzima na ushei, yeye na bahasha ya karatasi zetu kwapani. Dada wa mauzo alitupokea mlangoni kwa maji baridi. Gari lilikuwa ndani, limefunikwa kitambaa. Nikaomba walitoe nje kwanza, uwanjani. Akashangaa kidogo, akaagiza litolewe.

Kitambaa kikavutwa. Jekundu! Kwenye karatasi wameandika jina la kito fulani cha thamani. Mimi naona ufizi wenye afya—ndivyo macho yangu yalivyofundishwa na kazi. Lakini zuri. Zuri kupita picha. Nikalizunguka mara mbili nikiwa nimefumbata mikono kama niko dukani kwa mtu na sina haki ya kugusa.

Tatizo: paa lilikuwa limefungwa. Turubai jeusi, limekazwa kama ngoma. "Karibu uketi, nikuonyeshe swichi," akasema dada wa mauzo, ameshika mlango. Nikasimama. Akatabasamu, akangoja. Nikaendelea kusimama. Jasho likaanza kunitoka nyuma ya masikio.

"Muonyeshe hivyo hivyo, akiwa nje," mume wangu akasema. Taratibu tu, kama mtu anayeomba chaki.

Yule dada hakuuliza kitu, Mungu ambariki. Akaingiza mkono dirishani, akabonyeza, akashikilia. Likanguruma kidogo. Turubai likainuka, likajikunja katikati kama mkono unavyokunjwa kiwikoni, likarudi nyuma, likajilaza, kifuniko kikalala juu yake. "Sekunde kumi na nne," mume wangu akasema. Alikuwa anahesabu!

Nikaketi. Nikaangalia juu. Hakukuwa na kitu. Mbingu tu, na waya mmoja wa simu, na ndege juu ya waya.

Nikafunga mlango mwenyewe. Nikangoja kifua. Kikapanda, kikashuka. Kikapanda tena. Kikashuka.

Nikatia sahihi karatasi zikiwa juu ya usukani. Wakanipa funguo mbili na daftari nene la maelekezo. Mlinzi akafungua lango, akapiga saluti kama napita mimi rais. Nikatoka kwa mwendo wa konokono. Miaka minne mguu haujagusa klachi—gari likaruka kama mbuzi, likazima, nikaliwasha. Nyuma wakapiga honi. Mume wangu akasema, "Gia ya tatu nayo ipo, ukiihitaji." Tukafika barabara pana, nikaitia gia ya tatu. Upepo ukaingia kwenye nywele, kwenye mikono ya blauzi, mdomoni. Nikapiga kelele. Sikuwa nalia—nilipiga kelele tu, kama mtoto kwenye bembea. Mtu mzima na miaka yangu hamsini na moja!

Jambo moja lilinikuta ambalo sikulitarajia. Nilikuwa nimewaza paa tu, miezi yote hii. Sikuwaza kwamba kile kiti cha pembeni kitakaliwa na mtu. Kila baada ya muda mfupi nilikuwa nageuka kumtazama mume wangu. Akadhani namtazama kwa mapenzi. Nilikuwa nahakikisha anapumua.

Jumamosi, 8 Machi

Mama ameshaambiwa. Nani kamwambia, sijui. Habari ina miguu.

Alipiga saa moja asubuhi. Hakunijulia hali. Anasikia nimenunua gari la kuchezea. Nikasema si la kuchezea, Mama, ni la kwendea kazini. Akasema kazini nilikuwa nafika. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa: "Mwenzio yuko udongoni. Wewe unapunga upepo."

Akakata.

Leo sijaligusa. Nimelitazama dirishani tu. Linang'aa. Halina habari.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alikuja, mume wa mdogo wangu marehemu. Nilikuwa nimemwogopa yeye kuliko wote. Hajawahi kunilaumu, hata kwa jicho, na hilo ndilo linalonitesa.

Hakuingia ndani. Alilizunguka gari. Akapangusa vumbi kwenye kioo cha pembeni kwa kidole. Akaniuliza kama anaweza kuketi. Nikasema karibu, shemeji. Akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akavuta mkanda, akaufunga. Akakaa. Dakika mbili, tatu. Mimi nimesimama na taulo la vyombo mkononi, sijui niliweke wapi.

Kisha akaufungua mkanda, akashuka, akaufunga mlango polepole kama wa chumba cha mtoto aliyelala.

"Litunze," akasema.

Sikuelewa kama alimaanisha gari.

Jumatano, 12 Machi

Dakika kumi na mbili! Nyumbani hadi kazini, dakika kumi na mbili!

Daktari amelitazama, akasema sasa wagonjwa watadhani meno yamepanda bei. Mzee mwenye ile seti ya juu niliyokuwa natengeneza alikuja kuijaribu. Nikamwekea, nikampa kioo, akajitazama kwa muda mrefu. Akasema hajajiona hivi tangu mkewe afe. Akaona haya kufurahi. Nikataka kumwambia, mzee wangu, tuko wawili. Nikampa maji asukutue.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua tangu alfajiri. Gari limefungwa paa, mimi siwezi kuingia. Nikachukua mwavuli, nikaenda kazini kwa miguu.

Mume wangu alisimama mlangoni akaniangalia ninavyolipita gari langu jipya na mwavuli wangu. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Nikamgeukia nimtukane, nikacheka na mimi. Tumecheka kwenye mvua kama wendawazimu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Ijumaa, 14 Machi

Mama kapiga. Mguu unamsumbua, nikampeleke kliniki kesho. "Na hilo gari lako," akasema. Kama vile ninayo mengine.

Jumamosi, 15 Machi

Niko garini, kando ya barabara, mbele ya duka dogo. Daftari hili liko juu ya usukani. Mama kaingia dukani. Niandike upesi, labda nikiandika nitajua la kufanya.

Asubuhi nilimkuta amesimama langoni tayari. Kitambaa kichwani, fundo kubwa chini ya kidevu, na miwani ya jua—sijui kaitoa wapi! Hakusifia, hakuponda. Aliketi, akaweka mkoba mapajani. "Usikimbize."

Nikashika njia ya kliniki. Akasema kliniki Jumamosi hawafungui. Nikamuuliza, sasa tunakwenda wapi, Mama? "Endesha tu."

Nikaendesha. Tukafika nje ya mji, nyumba zilipoanza kuachana. Ndipo akaanza.

"Nilikusema vibaya juzi."

"Yameisha, Mama."

"Hayajaisha. Nilidhani umesahau. Sasa nakaa hapa naona unavyonigeukia kila dakika kuniangalia. Hujasahau kitu wewe."

Akanyoosha kitambaa chake.

"Zile saa zote mlizokaa mle. Mwanangu alisema nini?"

Miaka minne. Polisi waliniuliza saa ngapi, wahandisi wakaniuliza ukuta uliegemea wapi, kila mtu akaniuliza naendeleaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Nikamwambia ninayoweza. Kwamba aliuliza saa mara kwa mara kama ana miadi. Kwamba aliwatukana mafundi wa ukuta ule, matusi ambayo sikujua anayajua. Kwamba kiatu kimoja kilimvuka, na alichosikitikia ni kwamba vilikuwa vipya. Mama akacheka, akafunika mdomo kwa kitambaa.

"Aliogopa?"

Nikatia breki. Nikaegesha hapa. Nikasema, Mama, ngoja kidogo. Akanitazama kwa ile miwani, sikuona macho. "Nina kiu," akasema. "Nakwenda kununua maji. Kaa hapo." Akashuka, akavuka barabara kwa mguu ule unaomsumbua. Mguu mzima kabisa!

Sasa niandike. Kama saa ya sita hivi alinitafuta kidole, akakishika. Akasema, Dada, usimwambie Mama niliogopa. Mwambie nililala. Nikamwahidi. Na siku ya mazishi nilisema hivyo hivyo mbele ya wote: alilala tu, Mama, hakujua kitu. Mama akaitikia kwa kichwa. Kumbe hakuamini hata siku moja.

Aliogopa. Tuliogopa wote wawili, mpaka meno yakagongana. Na mwishoni, sauti ilipokuwa imebaki ndogo, hakuniita Dada tena. Aliita Mama. Akaita tena. Nami nikaitikia. Nikasema, naam mwanangu, niko hapa. Akanyamaza, kidole changu bado kiko mkononi mwake.

Hilo ni la Mama. Si langu. Nimekikalia miaka minne kitu ambacho si changu. Lakini siwezi kumpa nusu. Nikimwambia aliitwa, lazima nimwambie aliitwa kwa nini. Na niliahidi. Aliyeniahidisha hayupo wa kunifungua.

Anatoka dukani. Chupa mbili. Anatazama kulia, kushoto, tena kulia. Magari yanampisha. Miwani ameivua, ameishika pamoja na chupa.

Ameniona naandika. Hajauliza naandika nini. Ameketi, amefunga mlango, amenifungulia chupa yangu, ameshika kifuniko. Anasema weka hiyo kalamu, mwanangu. Maji yanamwagika kwenye kiti kipya, wala hatuyafuti. Anasema, mimi ni mama yake, niambie kama alivyosema, mpaka mwisho. Naweka kalamu, nimwambie.