Nusu ya Waya Iliyobaki Mezani

Waliokuwapo: Mama, mkeo; Baba Mdogo, mdogo wako mshona viatu; muuguzi, kitindamimba wako; mimi mwalimu, mwanao wa kwanza; na jirani yetu mkunga mstaafu, aliyekuja kufuata redio yake.

Baba, mwaka umetimia tangu utuage bila kutuaga, asubuhi ya Jumanne, miwani yako ikiwa bado juu ya meza ya kazi. Tulikutana katika chumba chako cha ufundi, kwa kuwa hakuna mahali pengine nyumbani unapoonekana wazi kama hapo.

Watu walikuita Fundi Kesho, nawe hukununa. Aliyeulizia redio yake aliambiwa "kesho", na kesho yake akaambiwa vivyo hivyo, kwa heshima ile ile. Hawakujua kwamba siku mbili nzima ulizitumia kwa waya peke yake. Mafundi wengine walizikata nyaya za zamani zilizovikwa kitambaa, wakafunga za plastiki. Wewe ulisema redio ya mbao yenye waya wa plastiki ni bwana harusi aliyevaa kandambili.

Ulianza kwa brashi laini. Kisha kitambaa chenye unyevu kidogo na tone la sabuni, sentimita kwa sentimita, hadi rangi ya asili ikachungulia. Mpira wa ndani ukiwa umepasuka, uliuvuta nje waya mchakavu na kupenyeza mpya ndani ya lile vazi la uzi, uliloliita soksi. Nakiri mbele ya wasomaji wa kumbukumbu hii: likizo moja, kwa kupenda usafi, niliiloweka soksi kwenye beseni kama sare ya shule. Ilitoka imepungua shibiri nzima. Hukufoka. "Mwalimu," ulisema, "umeifua vizuri sana. Sasa tutafute redio changa ya kuivaa."

Kabla ya kufungua redio yoyote, ulimuuliza mwenyewe ni nani aliyekuwa akiisikiliza. Ukasikiliza jibu mpaka mwisho.

Siku uliyoondoka ulikuwa umefika katikati ya waya wa redio ya mkunga. Ndani ulikwishatia waya mpya. Juu, nusu ya soksi ilikuwa safi, rangi ya asali. Nusu nyingine bado nyeusi kwa masizi ya jiko. Mpaka kati ya nusu hizo ulinyooka kama uliopigwa rula. Mwaka mzima Mama hakuruhusu mtu auguse. Hata vumbi la meza alilifuta kwa kuuzunguka.

Mkunga alivumilia mwaka mzima. Siku hiyo uvumilivu ukamwishia.

"Shoga yangu, mimi nilileta redio itengenezwe, sikuileta iwekwe makumbusho. Mume wangu aliisikiliza kila jioni. Nami nina wangu wa kumkumbuka."

"Najua," Mama akajibu. "Lakini hapa ndipo mkono wake ulipoishia. Waya ukisafishwa wote, nitapaonaje tena?"

Baba Mdogo, ambaye kimya humwasha kama upele, akasema, "Shemeji, kaka angekuwapo angemwambia mama wa watu aje kesho."

Tulicheka, Mama akiwemo. Kicheko chake kikageuka kilio, na mkunga ndiye aliyemshika bega.

Muuguzi alitaka kuupiga picha ule mpaka ili ubaki japo kwenye simu. Mama akatikisa kichwa. Alivuta kiti chako, akachovya kitambaa, akakikamua kwa nguvu, kisha akakijaribu nyuma ya kiganja, kama ulivyofanya wewe kila mara. Hatukujua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akikutazama.

Tunaokukumbuka ni mkeo, mdogo wako, wanao wawili, wajukuu wako watatu, na wateja wako wote waliorudi kesho na kesho yake. Kwetu sisi, Baba, hutasahaulika kamwe.

Mama ameagiza kwamba maneno yake yaandikwe kama alivyotutamkia, akiwa na kitambaa mkononi: "Waya huu namaliza mimi, leo. Jumamosi redio inarudi kwa mwenyewe, na msihangaike kutafuta wa kuibeba. Nitaipeleka mwenyewe."