Neema na Shafti ya Mzee wa Usangu

Uyole, Mbeya

Mdogo wangu Mama Neema,

Kamwene. Huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu inatutafuta wazee mpaka kwenye mifupa. Magoti ya mama yanaendeleaje? Na mahindi, mmeshapukuchua?

Uliniambia nimrudishe Neema Igowole, kwa kuwa karakana si mahali pa binti kumalizia likizo ya chuo. Simu ikakatika kabla sijajibu, na jambo lenyewe linataka maelezo.

Kazi anayojifunza Neema hapo karakanani ni kukereza. Mashine inazungusha chuma, kisu kinakimenya kidogo kidogo kama kiazi, mpaka kifikie unene unaotakiwa. Ukipitiliza, hakirudi. Jumanne nilimpelekea chakula nikakuta amepitiliza. Ilikuwa shafti, yaani mhimili, ya mashine ya kukoboa mpunga, ya mzee mmoja Msukuma kutoka Usangu. Beringi, ile pete ya chuma inayotakiwa kuikaza, ilikuwa inacheza juu yake.

Mafundi wa hapa wana dawa yao: wanazungushia shafti kipande cha bati, beringi inakaza, mteja anaondoka akishukuru.

"Weka bati, mzee aende," fundi mkuu akasema.

"Bati litasagika, fundi. Nimekosea mimi, naanza upya."

"Mwanangu, mpunga unaningoja!" mzee akalalamika.

"Nivumilie, baba. Mashine ikifa katikati ya msimu, utanivumilia?"

Mzee akacheka, akakaa juu ya gunia. Fundi akanung'unika, lakini akampa chuma kingine. Safari hii Neema alikereza, akasimamisha, akapima, akaendelea, kama vile hatupo. Beringi ikaingia kwa kugongwa taratibu, ikatulia.

"Ningekuwa na kijana hajaoa," mzee akasema, "ng'ombe wangefika Uyole leo."

"Wabaki huko huko kwenye majani, baba. Namaliza chuo kwanza."

Mdogo wangu, nimefundisha watoto maisha yangu yote. Ni wachache niliowaona wakisema "nimekosea" wakati kila mtu anawaruhusu kunyamaza.

Lakini mama yake ni wewe. Nimemfikishia ujumbe wako. Hakubisha, amefua ovaroli, ameikunja, ameiweka juu ya begi. Hajasema kama anaipakia au anaivaa Jumatatu.

Msalimie shemeji, na mama mwambie blanketi lake nimeshalinunua. Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Mpigie Neema mwenyewe.

Kaka yako,
Mwalimu