Kosa la Dirisha la Tatu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe na nyumba yako yote. Mimi afya ninayo, raha ndiyo sina. Shemeji aliniambia umenunua miwani, eti uzee umekuingia machoni na vidoleni. Niliposikia hivyo chakula kilinishinda.

Hapa hospitalini mkuu wetu wa kompyuta bado anataka kazi kabla hajamaliza kuiagiza. Ndivyo ilivyokuwa kwa ile printa ya lebo waliyokufungia pale ulipokuwa ukiandikisha wagonjwa, dirisha la tatu. Ilikuja bila draiva, ile programu ndogo inayofanya kompyuta ielewane na kifaa. Niliiandika mimi. Ilitakiwa iipe printa kazi, kisha itulie mpaka printa yenyewe iseme imemaliza. Nilipewa siku mbili, nikapita njia ya mkato: draiva iulize tu, umemaliza, umemaliza, maelfu ya mara kwa sekunde. Mezani kwangu nilijaribu lebo moja, ikatoka chapuchapu nikajiona fundi. Kwako zilitoka kutwa nzima, na kompyuta ikamaliza nguvu zake kwa kuuliza. Ukiandika jina la mgonjwa, herufi zinajikokota. Wenzako hawakuwa na printa hiyo, basi ukaonekana mzito wewe peke yako.

Nilijua, dada. Wiki moja kabla ya kikao cha kukuhoji kwa uzito wako niliikagua mashine yako ulipokwenda kunywa chai, nikaliona kosa langu. Kikaoni mkuu aliniuliza kama kompyuta ina tatizo. Nilijibu kwamba ni nzima. Ukaomba radhi kwa uzembe usio wako, na miaka kumi na tisa ya kazi ikaishia hapo. Mimi nilikuwa nakodolea macho kalamu yangu.

Kesho yake niliiandika draiva upya. Ilinichukua asubuhi moja tu! Binti aliyekalia kiti chako anasifiwa kwa wepesi, na mkuu huwatajia wafanyakazi wapya jina lako akiwaonya. Nami hukaa palepale nikisikiliza.

Humu nimetia barua nyingine, ya kwenda kwa mkurugenzi wa hospitali, yenye maelezo haya yote na sahihi yangu. Nimefika nayo mlangoni kwake mara mbili, nikarudi. Ipeleke wewe.

Msalimie shemeji, nawe uwabusu watoto. Sithubutu kukuomba msamaha.

Ni mimi, mdogo wako.