Baba Anauliza Wati Ngapi

Ngagara, Quartier 5
4 Agosti 2024

Mwanangu Yasmina,

Assalam alaikum. Natumai afya unayo na joto la Dar halijakukausha. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la kushoto linalalamika kila nikisujudu.

Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, kwa hiyo nivumilie. Ile kompyuta uliyoniachia imekufa. Jumanne umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, na tangu hapo nikibonyeza hakiwaki kitu. Léonce, jirani yetu, alikuja akaitazama mikono ikiwa nyuma, akasema: «Mzee, hii mashine imeshakufa, we uitupe, ununue telefone mukubwa.» Mtu amestaafu ofisini hajawahi kubadilisha hata balbu, leo ni daktari wa mashine.

Nadhani ni alimentation, ile boksi ya chuma yenye feni inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Huko mnaiita pawa saplai, sivyo? Niambie nitafute ya namna gani, na wati ngapi. Bila mashine siwezi kuwaandikia watu barua zao, na nisipoandika hakuna anayekuja kukaa barazani. Tangu mama yako atutoke nyumba hii imekuwa kubwa mno.

Baba yako,
Tajudini


Kariakoo, Dar es Salaam
5 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Pole na goti, usiache kulikanda kwa maji ya moto. Mimi sijambo, kazi tu ndizo zimenizidi. Nisamehe kwa ukimya wa miezi hii.

Usimsikilize mzee Léonce. Kabla ya kununua, pima. Itoe boksi kwenye mashine, shika ile plagi pana kuliko zote, uunganishe waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya. Kisha washa. Feni ikizunguka, ugonjwa huenda uko kwingine. Isipozunguka, basi, tumuombee.

Ukienda kununua usidanganywe na namba kubwa kwenye stika. Hapa dukani tunaletewa nyingine zimeandikwa wati 500 na hazibebi hata 200. Soma ampea za volti 12, hapo ndipo ukweli ulipo. Halafu ipime kwa mkono: ikiwa nyepesi kama kopo tupu, mrudishie mwenyewe. Mashine yako wati 300 za kweli zinaitosha na kubaki. Angalia na matundu ya skrubu, maana kompyuta za ofisini zina boksi fupi za kwao. Niandikie ikoje.

Mwanao,
Yasmina


Ngagara
11 Agosti 2024

Mwanangu Yasmina,

Wa alaikum salam. Goti nimelikanda, limetulia kidogo.

Nimefanya ulivyosema. Kijani na mweusi, nikawasha, feni haikutikisika. Boksi imekufa. Léonce anasema kuna depo moja kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, wanatoa mashine za zamani, atanitafutia. Mafuta hakuna, mabasi yanapita yamejaa, kwa hiyo ataenda kwa miguu, na amekwisha anza kunihesabia hatua.

Barua yako nimeisoma mara nne. Tangu uondoke hujapata kuniandikia maneno mengi hivyo. Nilimsomea Léonce ile sehemu ya kopo tupu, tukacheka.

Baba yako,
Tajudini


Ngagara
20 Agosti 2024

Mwanangu,

Assalam alaikum. Hali yangu ni nzuri, namuomba Mungu na yako iwe hivyo.

Boksi ya Léonce haikukaa. Matundu mawili yanakubali, mawili yanakataa. Nifanyeje? Na plagi ya hii mashine ni ya meno ishirini na nne au ishirini? Nieleze pole pole, usiogope kurefusha.

Baba yako


Kariakoo
22 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kusikia u mzima.

Meno ni ishirini na nne, niliyahesabu mwenyewe nikiwa kidato cha nne, wewe ukinishikia tochi. Matundu mawili hayatoshi, boksi itatetemeka na feni itapiga kelele. Mwambie mzee Léonce arudi nayo depo. Nimekuchorea umbo la boksi inayotakiwa na vipimo vyake, picha iko chini.

Nilipokuwa nachora nikakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kiwandani na vipande vya nyaya mfukoni, mama akavikuta kwenye kufua. Hapa nachora, wateja wananisubiri wananuna. Wanune.

Mwanao,
Yasmina


Ngagara
8 Septemba 2024

Mwanangu Yasmina,

Assalam alaikum. Afya si mbaya, moyo ndio umeshtuka.

Nilipata boksi nyingine, imetoka Kanada kwenye kontena. Nilichomeka, ikalia paa! moshi ukatoka. Kumbe ile swichi nyekundu ya nyuma ilikuwa kwenye 115, mi sikuangalia. Umeme wetu ni 220, hata wewe unajua. Sasa naogopa, huenda na mashine yenyewe imeungua. Niangalie wapi?

Baba yako,
Tajudini


Kariakoo
9 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Hukuumia? Mikono iko salama? Nijibu hilo kwanza.

Tafadhali usichomeke kitu kingine chochote. Mara nyingi boksi ndiyo hufa na mashine ikasalimika, kwa hiyo usikate tamaa, ila usiguse. Baba, unalala vizuri? Unakula? Huwa unasahau sahau mambo siku hizi? Niambie ukweli.

Mwanao,
Yasmina


Kariakoo
3 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Goti halijambo?

Hukunijibu, kwa hiyo nimeamua. Nimenunua alimentation mpya, nzito, ya mashine ile ile. Nitaileta na kuifunga mwenyewe. Nimekata tiketi ya basi la tarehe 14. Ruhusa ya mwaka huu nilikuwa nimeiweka kwa mafunzo, bosi alitaka kunipeleka nikapate cheti cha ufundi, lakini nimemwambia ampeleke mwenzangu. Cheti kitakuja siku nyingine. Wewe kaa, usiguse nyaya.

Mwanao,
Yasmina


Ngagara
5 Oktoba 2024

Yasmina mwanangu,

Assalam alaikum. Usiache mafunzo.

Mashine inafanya kazi. Hata barua hii nimeipiga juu yake. Léonce aliniletea alimentation tarehe 13 Agosti, wati 300, nzito, matundu yote manne yakakaa. Nilibonyeza mara moja, ikawaka. Nilifurahi kama nusu saa. Halafu nikataka kukuandikia habari njema, nikajua jibu lako litakuwa «Safi baba», basi, na kimya tena hadi Idi.

Tukipigiana simu tunaongea dakika mbili: goti, salamu, mtandao, kwaheri. Lakini nikikuuliza habari za nyaya unaniandikia ukurasa mzima, na ndani yake mna wewe, mna mama yako, mna kicheko. Nikabuni swali jingine. Nikatafuta la tatu.

Lile la swichi ndilo lililoniuma kulisema. Miaka thelathini na moja fundi umeme kiwandani, sijawahi kuchomeka kitu bila kuangalia volti. Léonce nilimwambia jana. Akasema: «We Tajudini, mutoto wako umemufanya nini?»

Nina upweke, mwanangu. Ningelisema hivyo tangu Agosti, tusingefika hapa. Nisamehe, na uende ukachukue cheti chako.

Baba yako,
Tajudini


Kariakoo
19 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumai goti linakupa nafuu.

Nilikasirika, ndiyo maana wiki mbili hukunisikia. Hukunidanganya kuhusu mashine tu. Niliposoma lile la swichi nilijua mtu aliyenifundisha umeme hawezi kusahau volti ila kama akili imeanza kumtoka. Niliingia stoo nikalia. Nilikuwa nakuja kukutazama, baba, alimentation ilikuwa kisingizio changu. Kwa hiyo tumedanganyana wote wawili.

Juzi nilifungua ujumbe wangu wa mwaka jana kwako, wote. «Salama baba, niko kazini.» «Salama baba, nitakupigia.» Mara ishirini na tatu, na sikukupigia. Niliona aibu.

Bosi amenirudishia nafasi ya mafunzo, yanakwisha tarehe 30 Novemba. Alimentation nimeirudisha dukani. Tiketi sikuirudisha, nimeisogeza hadi tarehe 2 Desemba. Ruhusa imenibakia siku nne tu. Nitakaa barazani na wewe kutwa kucha.

Usinitafutie kitu cha kutengeneza.

Mwanao,
Yasmina