Programu Niliyoisimamisha Tezo

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Gerishom Karisa Gona
Umri: Miaka 31
Kazi: Fundi wa kompyuta
Makao: Tezo, Kaunti ya Kilifi
Tarehe ya maelezo: 13 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi
Mbele ya: Konstebo Musembi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa habari ya Bi. Kadii Nyale, aliyewekwa ndani tangu juzi kwa tuhuma ya kuharibu mayai kwa makusudi. Bi. Kadii ni mama mzazi wa mke wangu, Mapenzi. Hakuharibu kitu.

Nafanya kazi mara mbili kwa wiki kwa Bw. Jignesh Lakhamshi, mwenye nyumba ya kutotolea vifaranga hapa Tezo. Akina mama wa vijijini humletea mayai ya kuku wao wa kienyeji, naye huwarudishia vifaranga. Mashine yake inaendeshwa na kompyuta ndogo. Programu iliyomo hupima joto, huwasha na kuzima hita, na hupiga king'ora mambo yakienda mrama. Programu hiyo niliiweka mimi. Hata kazi ya Bi. Kadii, ya kuangalia skrini na kuandika joto daftarini kila saa, nilimtafutia mimi.

Naomba hapa nieleze jambo la kwetu, kwa kuwa afande ameniambia kwao Machakos haliko hivyo. Mkwe na mama mkwe hawaketi wawili katika chumba chembamba. Huamkiana kwa mbali, macho chini, na neno la kazi hupitia kwa mtu wa tatu. Kazini tulikuwa tumezoea: yeye akiingia, mimi natoka. Nikiwa na la kumwambia, nilimpa Caroline, anayepokea mayai getini, naye akalifikisha. Bw. Jignesh alikuwa akitucheka, akisema sisi ni kama askari wa zamu. Tulicheka naye. Heshima si utumwa.

Mnamo tarehe 11 Machi, Jumanne, saa nane kasoro dakika kumi mchana, niliingia chumba cha mashine kubadilisha kipima unyevu, kinachochomekwa kwa nje ya mashine, kilichokuwa kinasumbua. Mayai mia sita yalikuwa siku ya kumi na nane. Kuanzia siku hiyo mlango wa mashine haufunguliwi mpaka vifaranga vitoke, kwa hiyo anayeiangalia hana jicho lingine ila skrini.

Nikichomoa kipima unyevu programu hupiga king'ora, na king'ora kile husikika mpaka barabarani. Njia iliyo sawa ni kumwambia Bw. Jignesh, naye aiweke programu kwenye hali ya matengenezo. Sikumwambia. Nilijiona mjanja.

Afande ameniuliza nilifanya nini hasa, nami nimemweleza hivi. Kila programu inayofanya kazi kwenye kompyuta ina namba yake. Zote ziko chini ya kerneli, ambayo ni kiini cha mfumo, na ndiyo inayoamua nani apate zamu na nani angoje. Fundi akitaka kuiamuru programu huiomba kerneli iipelekee ishara. Iko ishara ya kuitaka ijifunge yenyewe kwa adabu, iko ya kuiua bila kuiuliza, iko ya kuisimamisha palepale ilipo, na iko ya kuiambia iendelee. Mimi nilituma ya kusimamisha.

Afande aliuliza kwa nini sikuifunga tu. Ni kwa sababu ya programu ya pili, ya ulinzi. Kila dakika huiuliza kerneli, "Ile namba ipo?" Ikijibiwa haipo, huiwasha upya ile ya kwanza na kupiga king'ora. Lakini programu iliyosimamishwa haijafa. Namba yake ipo, ila haipumui. Mlinzi akiuliza anaambiwa ipo, basi anatosheka. Nilijua hilo vizuri, kwa kuwa huyo mlinzi niliyemhadaa nilimwandika mwenyewe.

Nilipoisimamisha, hita ilikuwa imewashwa. Ikabaki imewashwa, maana wa kuizima ndiye niliyemsimamisha. Skrini nayo ikaganda kwenye nyuzi 37.5. Nilikadiria dakika tano, na kwa dakika tano joto lisingefika mbali.

Saa nane kamili Bi. Kadii aliingia na daftari lake. Kipima kipya nilikuwa nimekwisha kukifunga. Kilichobaki ni kuandika amri moja fupi ya kuendelea. Nilisikia mlango, nikainuka, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba, baba." Nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Nimejiuliza mara nyingi tangu siku hiyo. Ningesema tu, "Mama, ngoja kidogo." Maneno matatu. Au ningeketi tena nikaandika amri ile, yeye akiwa amesimama nyuma yangu, na dunia isingeanguka. Lakini miguu ilitoka kabla ya akili. Nikaenda getini kumtafuta Caroline amwombe Bi. Kadii atoke kidogo. Caroline hakuwepo, alikuwa amekwenda kula. Nikiwa namngoja, simu ikalia. Meneja wa hoteli moja Kikambala alisema wageni wake hawana mtandao na yuko karibu kufukuzwa. Bodaboda ilikuwa hapo hapo getini. Nilipanda. Mpaka nafika Kikambala nilikuwa nawaza nyaya za watu wengine.

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni Bw. Jignesh alinipigia simu. Alisema, "Gerishom, njoo. Mayai yameiva." Nilidhani ni mzaha wake. Kisha nikasikia sauti za akina mama nyuma yake, nikakumbuka kila kitu kwa mara moja.

Nilifika Tezo saa moja na dakika ishirini. Bw. Jignesh alikuwa amepita karibu na mashine akahisi mlango wake unaunguza, akakata umeme wa hita. Kompyuta ilikuwa bado inawaka kwa betri. Yeye alikuwa uani na akina mama, nami nikaingia ndani peke yangu. Nilichomoa waya wa king'ora kisilie. Nikatuma ishara ya kuendelea, na skrini ikaamka. Nikafuta kumbukumbu ya amri zote nilizoandika siku hiyo. Nikarudisha waya baadaye. Haya hakuna aliyeyaona, na hayo ndiyo yanayonitia aibu kuliko mayai. Kusahau ni kwa binadamu. Kufuta si kusahau.

Nilitoka nikamwambia Bw. Jignesh, mbele ya watu wote, "Programu ni nzima."

Ndipo akafungua daftari. Saa nane, 37.5. Saa tisa, 37.5. Saa kumi, 37.5. Saa kumi na moja, 37.5. Alisema, "Joto gani hili lisilotikisika hata nukta? Mama huyu hakutazama kitu, amekaa anajaza. Au ametaka kunilipizia." Wiki iliyopita walikuwa wamekorofishana juu ya siku za mapumziko, na watu walisikia. Simlaumu Bw. Jignesh. Fundi wake alikuwa amekwisha kumwambia mashine haina kosa.

Bi. Kadii alisema, "Nimeandika nilichokiona." Alilisema mara moja tu. Mama mmoja aliyekuwa na mayai yake humo alimwita mchawi wa kuku. Bi. Kadii alitazama upande wangu, mimi nikatazama chini, na kila aliyekuwepo alidhani ni heshima.

Gari la polisi lilimchukua saa mbili na nusu.

Tarehe 12 Machi sikwenda kazini. Mke wangu alilia tangu asubuhi. Alisema, "Mamangu alinichapa nikiwa mdogo kwa kusema nimekunywa uji na sikunywa. Leo ndiye wa kuandika uongo?" Nilimwambia mambo yatajulikana. Wa kuyajulisha nilikuwa mimi, nimeketi namtazama. Alimpikia mamake chakula akakileta hapa, nami nikajitia kichwa kinauma.

Aliporudi alinipa ujumbe. Bi. Kadii alimwambia hivi: "Mwambie mumeo asije kituoni. Hapa tumeketi sakafuni na nimevuliwa leso, si vizuri mkwe akanikuta hivyo. Asijione amekosa adabu kwa kutokuja." Yumo ndani kwa ajili yangu, na bado ananitafutia udhuru. Usiku mzima nilikuwa macho, na asubuhi nikamwambia Mapenzi naenda Kikambala. Nikaja hapa.

Kompyuta ile haijaguswa tangu siku ile. Mlinzi huandika kwenye faili lake kila jibu analopewa na kerneli, pamoja na hali ya programu, na faili hilo sikulifuta kwa sababu nililisahau. Litaonyesha kwamba kutoka saa nane kasoro dakika kumi mpaka saa moja na nusu jioni programu ilikuwa katika hali ya kusimamishwa. Bw. Jignesh amlete fundi mwingine alisome. Mimi nisiaminiwe kwa neno tu, nilikwisha kusema uongo mara moja.

Niliyoyafanya ni hayo, na niliyoyaficha ni hayo. Nimesomewa maelezo yangu kwa Kiswahili, lugha ninayoielewa, na ni sahihi. Sikutishwa wala sikuahidiwa kitu.

Sahihi: G. Karisa Gona

MAELEZO YA AFISA: Nilimsimamisha shahidi alipofikia habari ya kufuta kumbukumbu, nikamwonya kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake. Alisema niendelee kuandika. Nimempigia simu mlalamishi, Bw. Jignesh, ambaye amethibitisha kupitia fundi mwingine kwamba faili lililotajwa lipo na linaonyesha saa hizo. Kadii Nyale ametolewa mahabusu leo saa sita na dakika arobaini. Nilimweleza sababu hapa kaunta. Aliomba aketi kwanza. Kisha aliuliza kama binti yake amekwisha kujua. Nilimjibu kwamba kwa maelezo ya shahidi, bado. Akasema, "Basi msimwambie nyinyi. Nitamwambia mimi, polepole, asije akamwacha mumewe."

Konstebo Musembi